Mganga Hajigangi

Somo juu ya kuwatunza wale wawatunzao wagonjwa



Wazee wetu walisema, Mganga hajigangi. Neno hili ni fupi, lakini maana yake ni pana. Mtu aliye hodari wa kufunga vidonda vya wengine hawezi kukifunga kidonda kilicho mgongoni mwake mwenyewe. Hana budi kupata mkono wa mwenzake. Twalijua neno hili tangu utoto wetu, walakini tukifika mlangoni mwa hospitali twalisahau. Tunayo desturi njema ya kuwaombea wagonjwa kila Jumapili, tena twawapelekea uji na matunda. Bali yule aliyekesha nao usiku kucha, aliyewageuza kitandani, aliyewaosha, na aliyewafumba macho walipokufa, twampita kama mtu apitavyo nguzo ya nyumba. Nguzo haiulizwi habari zake mpaka siku ile inapopasuka.

Somo la mwezi huu ni juu ya mtu huyo: mwuguzi, daktari, mkunga, mhudumu wa wodi, hata na yule afuaye shuka zenye damu. Tutajifunza ni hatari gani ziupatazo mwili wake, ni mizigo gani iielemeayo nafsi yake, na yatupasa kumtendea nini. Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na watu wao watayakuta maswali mwishoni.

1. Habari za Lacor

Na tuanze kwa habari iliyotukia katika nchi ya jirani, Uganda. Karibu na mji wa Gulu, upande wa kaskazini, iko hospitali ya Mtakatifu Maria, iitwayo Lacor, iliyoanzishwa na wamisioni Wakatoliki mwaka 1959. Mwaka 1961 walifika huko madaktari wawili, Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale wa Kanada. Wakaoana huko huko, wakaikuza hospitali ile hata ikawa kubwa. Bibi Teasdale alikuwa daktari wa upasuaji. Katika miaka ya vita aliwapasua majeruhi wengi mno, na mara kwa mara vipande vya mifupa iliyovunjwa na risasi vilimchoma mikono. Mwaka 1985 alipimwa, akaonekana ana virusi vya UKIMWI, alivyovipata katika kazi hiyo. Akaendelea kuwahudumia watu miaka mingi, akafa mwaka 1996.

Miongoni mwa madaktari waliolelewa katika kazi na hao wawili alikuwako Mwacholi mmoja, jina lake Matthew Lukwiya. Mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua wauguzi wanawake. Lukwiya akawaambia wamchukue yeye badala yao. Wakaenda naye msituni, akakaa huko siku kadha wa kadha, ndipo wakamwachilia. Baadaye akawa mkuu wa madaktari wa Lacor.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 alikuwa Kampala kwa masomo. Akaletewa habari kwamba ugonjwa usiojulikana unawaua watu, na kwamba wanafunzi wa uuguzi wa hospitali yake ni miongoni mwao. Akarudi upesi. Akazichungua habari za wagonjwa, akasoma vitabu usiku, akatambua kwamba huenda ni Ebola. Hakungoja majibu ya maabara, bali aliwatenga wagonjwa mara moja, akawavika wauguzi mavazi ya kujikinga. Majibu yalipokuja, yalikuwa kama alivyodhani. Mpaka ugonjwa ule ulipokoma katika Uganda, watu 425 walikuwa wameugua, na 224 wamekufa.

Lakini tazameni jambo moja. Miongoni mwa hao waliokufa walikuwamo wauguzi wenyewe. Kila mara mmoja wao alipozikwa, wenzake walirudi wodini kuvaa vazi lile lile alilolivaa yeye. Mwishoni mwa Novemba, baada ya kufiwa na wenzao kadha kwa mfululizo, wafanyakazi walikusanyika wakiwa wamejaa hofu na uchungu, wakasema hawawezi tena. Lukwiya alikaa nao saa nyingi. Akawaambia kwamba atakaye kuondoka na aondoke, lakini yeye atabaki. Mwisho wa shauri wakarudi kazini.

Na mwezi uo huo wa Novemba aliamshwa usiku. Mwuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa alitokwa na damu nyingi, naye alikuwa akihangaika na kuanguka. Lukwiya akavaa gauni, barakoa na glavu, akaenda kumsaidia. Ila kinga ya macho hakuvaa. Wenzake wadhani ya kuwa ndipo ugonjwa ulipomwingia. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka 2000, akazikwa katika uwanja wa hospitali, karibu na kaburi la Bibi Teasdale.

Watu wakisikia habari hii husema, Huyu ni shujaa! Nao wasema kweli. Lakini somo letu lisiishie hapo. Mtu aliyefanya kazi majuma sita katikati ya vifo, kisha akaamshwa usiku kwa kelele za mwenzake anayekufa, asahau kitu kimoja: je, huo ni uzembe? La. Ni mwili wa binadamu. Kwa sababu hiyo, siku hizi katika wodi za Ebola iko sheria ya kwamba mtu asiingie peke yake, wala asijivike peke yake. Sharti asimame mwenzake, amtazame tangu kichwani hata miguuni, ahakikishe hakuna palipo wazi, ndipo amruhusu kuingia. Mtu huyo aitwa mtazamaji. Kazi yake si kumtibu mgonjwa. Kazi yake ni kumwangalia yeye atibuye. Lishikeni sana neno hili, kwa maana somo lote limo ndani yake: kila mtunzaji ahitaji mtazamaji.

2. Mwili wa mtunzaji

Yafaa tujue asili ya glavu za mpira zivaliwazo na madaktari. Wengi hudhani zilibuniwa kwa ajili ya kumkinga mgonjwa. Sivyo. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore katika Marekani, alikuwako mwuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, jina lake Caroline Hampton. Dawa kali ya kuulia vijidudu, waliyonawia mikono siku zile, ilimbabua ngozi hata akawa karibu kuiacha kazi. Daktari William Halsted akawaagiza watu wa kiwanda cha mpira watengeneze glavu nyembamba kwa ajili ya mikono yake. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1889 na 1890. Wengine nao wakaanza kuzivaa, na baada ya miaka kadhaa ikaonekana kwamba vidonda vya wagonjwa waliopasuliwa kwa mikono yenye glavu haviozi kama zamani. Kitu kilichofanywa kumhurumia mtunzaji kikawa ngao ya mgonjwa. Basi, mtu akisema kwamba fedha zitumiwazo kwa wauguzi zinawapunguzia wagonjwa haki yao, mwonyesheni glavu.

Hatari za mwili ni nyingi. Tutazitaja zilizo kubwa.

Ya kwanza ni sindano. Mwuguzi akijichoma kwa sindano iliyotoka mwilini mwa mgonjwa, yaweza kumwambukiza. Katika watu 100 wasiochanjwa, waliochomwa kwa sindano yenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B, hata 30 waweza kuambukizwa. Kwa virusi vya UKIMWI hatari ni ndogo zaidi, kiasi cha watu 3 katika 1000. Lakini nani apendaye kuwa mmoja wa hao watatu? Njia za kujikinga zajulikana. Homa ya ini ya aina ya B ina chanjo. Hudungwa mara tatu katika muda wa miezi 6, na kila afanyaye kazi hospitalini yampasa kuipata, hata mfagiaji. Sindano ikiisha kutumika isifunikwe tena kwa mkono, bali itiwe mara moja katika chombo kigumu. Na mtu akichomwa, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yatiririkayo, asipabane wala kupakwaruza, aende kutoa habari saa ile ile. Ziko dawa za kuzuia UKIMWI; zianze upesi iwezekanavyo, wala zisichelewe kupita saa 72, nazo humezwa siku 28. Walakini wako wengi wanyamazao kwa kuona haya au kwa kuogopa kukaripiwa. Basi mkuu mwenye kumkaripia aliyechomwa sindano awafundisha wengine wote kuficha.

Ya pili ni hewa. Kifua kikuu huenea katika vyumba vilivyofungwa, nao waishio humo mchana kutwa wako hatarini kuliko watu wa nje. Madirisha na yafunguliwe, na mwenye kukohoa apimwe upesi.

Ya tatu ni mgongo. Kumwinua mtu mzima kitandani mara nyingi kwa siku kwavunja viuno vya wauguzi wengi. Mgonjwa mzito ainuliwe na watu wawili au zaidi. Na ndugu za mgonjwa, badala ya kusimama wakitazama, na waulize wafundishwe namna ya kusaidia.

Ya nne ni usingizi. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawasawa na mtu aliyekwisha kunywa pombe. Tungemwona mwuguzi amelewa akipima dawa ya mtoto, tungepiga kelele. Lakini tukimwona mwuguzi aliyeunganisha zamu mbili kwa sababu mwenzake hakuja, twamsifu kwa bidii yake. Yafaa tubadili fikira zetu. Usingizi wa mtunzaji ni sehemu ya dawa ya mgonjwa.

3. Nafsi ya mtunzaji

Mzigo wa nafsi ni mgumu kuuona, maana hauvuji damu. Mwazieni mwuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mwenye wagonjwa 40, naye yu peke yake. Saa tano mtoto amekufa; mama yake amelia, akamshika mwuguzi nguo, akamwambia, Ninyi ndinyi mliomwua. Saa sita yampasa kupima dawa ya mtu mwingine kwa mkono usiotetemeka. Saa tisa ameletwa mzazi atokwaye na damu, na chupa ya damu hakuna. Yeye ajua la kufanya, alifundishwa, lakini kitu cha kufanyia hana. Asubuhi arudi nyumbani, watoto wake wataka chai, na jirani agonga mlango na kikohozi chake. Hakuna aliyemwuliza, Usiku wako ulikuwaje?

Katika mambo hayo yote, lile la kujua la kufanya na kukosa cha kufanyia ndilo lichomalo kupita mengine. Uchovu wa mwili huondoka kwa kulala. Bali mtu aliyesimama mikono mitupu mbele ya mgonjwa huanza kujihukumu, kana kwamba ni yeye aliyeinyima hospitali chupa ya damu.

Mwaka 1974 daktari mmoja wa mambo ya nafsi huko New York, jina lake Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali hii. Mchana alifanya kazi yake, na usiku aliwahudumia maskini bila malipo, mpaka yeye mwenyewe na wenzake wakaishiwa nguvu. Akaifananisha hali yao na kitu kilichoungua hata kikaisha. Sisi twaweza kusema, ni kama taa iliyokwisha mafuta: utambi waendelea kuungua wenyewe, watoa moshi tu. Dalili zake ni tatu. Kwanza, mtu huchoka uchovu usioondolewa na usingizi. Pili, moyo wake huwa mgumu kwa wagonjwa. Hawaiti tena kwa majina, husema kitanda cha nne, tena hujibu kwa ukali. Tatu, huona kazi yake kuwa bure, haimfaidii mtu yeyote.

Angalieni dalili ya pili. Mara nyingi twalalamika ya kwamba wauguzi wa siku hizi ni wakali, hawana huruma. Wako walio wakali kwa tabia, na hao waonywe. Lakini wako wengine ambao ukali wao ni moshi wa taa iliyokwisha mafuta. Walianza kazi wakiwa wapole kuliko sisi. Kuwakemea ni sawa na kuipiga taa ili iwake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba hali hii si ugonjwa wa mtu, bali ni jambo litokalo katika kazi, pale taabu ya kazi iendeleapo siku nyingi bila kutengenezwa. Neno hili ni la maana sana. Likiwa ni ugonjwa wa mtu, tutampa yeye dawa na kumrudisha palepale. Likiwa ni jambo la kazi, yatupasa kuitengeneza kazi yenyewe.

4. Maneno mawili yatumiwayo vibaya

La kwanza ni wito. Twasema, Uuguzi ni wito. Ni kweli, nasi hatutaki kuliondoa neno hili, maana limewainua wengi. Lakini limegeuzwa na watu wengine kuwa kamba. Mwuguzi akiomba siku ya kupumzika, aambiwa, Kumbuka wito wako. Akiuliza habari za mshahara uliochelewa miezi miwili, aambiwa, Wewe hukuitwa kwa ajili ya fedha. Akilia, aambiwa, Imani yako imepungua.

Waliosema hivyo hawakusoma vizuri habari za Eliya. Nabii yule alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe, kwa kuwa nguvu zake zilikwisha. Je, alikemewa kwanza? La. Aliachwa alale. Akaamshwa, akapewa mkate na maji. Akalala tena, akapewa tena. Ndipo, baada ya usingizi na chakula, aliposemeshwa juu ya kazi. Na Musa, alipoketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, mkwewe Yethro hakumsifu kwa bidii, bali alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu pia, akamshauri agawanye kazi. Yethro alikuwa mtazamaji.

Hata wale waliolipenda neno wito kuliko sisi hawakulitamka peke yake. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya madiakonisa huko Kaiserswerth katika Ujerumani, wanawake waliofundishwa kuwauguza wagonjwa. Ndiko Florence Nightingale wa Uingereza alikojifunza miezi kadhaa mwaka 1851. Madiakonisa hawakupewa mshahara kama wafanyakazi wengine. Lakini nyumba yao ilijifunga kuwatunza katika ugonjwa wao na katika uzee wao mpaka kufa. Wito ulikuwa na kitanda chake. Nightingale mwenyewe aliugua homa kali mwaka 1855, alipokuwa akiwahudumia askari katika vita vya Krimea, akabaki mtu dhaifu miaka mingi baada ya hapo.

Neno la pili ni shujaa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu wa miji mingi ya Ulaya walisimama madirishani jioni wakiwapigia makofi wauguzi na madaktari. Lilikuwa jambo jema. Lakini katika miezi ile ile wengi wa hao waliopigiwa makofi walikosa barakoa za kutosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 hata Mei 2021 watenda kazi wa afya waliokufa kwa ugonjwa huo duniani walikuwa kati ya 80,000 na 180,000. Makofi hayazuii virusi. Tena shujaa haruhusiwi kuchoka, wala kuogopa, wala kusema sitaki. Ndiyo sababu jina hili laweza kuwa mzigo mwingine juu ya mizigo. Tuwaite watu, kisha tuwatendee kama watu.

5. Yatupasayo kutenda

Kanisa letu halina ruhusa ya kusema kwamba jambo hili si letu. Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na hospitali ya KCMC huko Moshi mwaka 1971. Na pande nyingine nyingi ziko hospitali na zahanati zilizojengwa kwa sadaka za sharika. Mwenye nyumba huulizwa juu ya watumishi wa nyumba yake.

Wakuu wa hospitali na halmashauri zao. Watoe glavu, barakoa na chombo cha sindano kabla ya kununua viti vya ofisi. Wawachanje watu wao wote. Orodha ya zamu ibandikwe mapema, na mtu atokaye zamu ya usiku asiitwe mkutanoni mchana. Pawe na chumba, hata kidogo, cha kuketi na kula. Mshahara ulipwe siku yake. Ikishindikana, waambiwe kweli mapema. Mgonjwa akifa kwa ghafula, au kosa likitokea, waulize kwanza, Ni nini kilichotokea? wala si, Ni nani aliyekosa? Maana swali la pili likitangulia, jibu la la kwanza halitapatikana kamwe. Tena wamchague mtu mwenye busara, aliyefundishwa kusikiliza, ambaye mfanyakazi aweza kumwendea kwa siri bila habari zake kufika ofisini.

Watenda kazi wenyewe, wao kwa wao. Katika miaka ya 1950 daktari Michael Balint, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Uingereza, aliwakusanya madaktari wachache huko London, wakazoea kuketi pamoja na kuzungumza juu ya wagonjwa waliowasumbua mioyo. Si mashauri ya dawa tu. Kila mmoja alieleza lililompata yeye mwenyewe mbele ya mgonjwa yule. Desturi hii imeenea nchi nyingi. Haihitaji fedha. Yahitaji saa moja, mlango uliofungwa, na mapatano ya kwamba yasemwayo humo hayatoki nje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Maana yake, mzigo ulio kichwani mwa mwingine huonekana mwepesi kama pamba. Hautajulikana uzito wake mpaka mwenyewe autue na kuufungua.

Usharika. Mwinjilisti na mzee aendaye kuwatembelea wagonjwa asitoke wodini kabla hajamwuliza mwuguzi hali yake, na kungoja jibu. Katika maombi ya Jumapili watajwe na wao. Mama wa zamu ya usiku mwenye watoto wadogo, majirani wapange zamu ya kuwaangalia wanawe asubuhi ili alale. Mlango wake usigongwe mchana kwa kikohozi kisicho cha hatari. Zahanati i wazi. Mtu wetu akifa hospitalini, tulie, tuulize kwa heshima, tena tudai kweli palipo na shaka. Lakini tusimrushie maneno ya mauaji mtu aliyekesha naye. Na lile ambalo mwuguzi amemwambia mwinjilisti kwa siri lisionekane kamwe katika mahubiri, hata bila jina.

Mtunzaji mwenyewe. Ndugu, ikiwa wewe ndiwe usomaye haya baada ya zamu, sikia. Kula kabla ya kwenda. Lala katika chumba chenye giza. Sema na mtu mmoja umwaminiye. Kukataa zamu ya tatu si dhambi. Jihadhari na pombe ya kutafutia usingizi, na dawa za kabati ambalo ufunguo wake unao wewe. Wengi waliopotea walianza kwa kidonge kimoja. Na ikiwa imekujia fikira ya kwamba afadhali kufa, usiifiche, wala usingoje iondoke yenyewe. Mwendee daktari leo, kama ungalivyompeleka mgonjwa wako. Nanyi mliosikia mwenzenu akisema hivyo, msimcheke wala msimhubiri. Kaeni naye, msimwache peke yake, mpelekeni kwa wawezao kumsaidia.

6. Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini glavu zilitengenezwa mara ya kwanza, na jambo hilo latufundisha nini?
2. Kazi ya mtazamaji ni nini? Katika zahanati iliyo karibu nasi, ni nani aliye mtazamaji wa wauguzi?
3. Zitajeni dalili tatu za taa iliyokwisha mafuta. Je, tumewahi kumlaumu mtu aliyekuwa nazo?
4. Mwuguzi aliyechomwa sindano afanye nini, na kwa muda gani?
5. Eliya alipewa nini kwanza, kabla ya kusemeshwa juu ya kazi yake?
6. Usharika wetu waweza kufanya jambo gani moja mwezi huu, lisilohitaji fedha? Liandikeni, mkamchague atakayelisimamia.

Swali la sita ndilo kubwa. Msilifunge somo kabla ya kulijibu.

Tulianza na neno la wazee, na tumalize nalo. Mganga hajigangi. Hawakusema hivyo ili kumcheka mganga. Walitaka kutukumbusha sisi wengine kwamba kiko kidonda asichoweza kukifikia yeye, nasi twaweza. Usiku huu, wakati tunapozima taa zetu, iko wodi ambamo taa moja bado yawaka, na mtu mmoja atembea polepole kati ya vitanda. Kesho asubuhi atapita mbele ya nyumba zetu akirudi kwake. Tumwamkie, tumwulize usiku wake ulikuwaje, kisha tunyamaze tusikilize.